Zamu ya Wizi

Kicheko cha Feruzi kilitoka kwenye spika ya ukutani, na Mashavu akakosea amri aliyokuwa akiiandika.

Akaifuta, akaandika upya, akakosea tena. Akaondoa mikono juu ya kibodi, akaikunja kifuani, akakaa kusikiliza. Usimlaumu. Mke gani angesikia mume wake anacheka chumba cha pili na mke mwenzake, halafu aendelee na kazi kana kwamba ni redio ya jirani? Labda malaika, na Mashavu hakuwahi kujidai malaika. Alikuwa fundi wa mashine katika Nyumba ya Usingizi, huko mlimani juu ya Ujiji, na katika zamu zake zote hajawahi kumsikia Feruzi akicheka hivyo.

"Wanacheka nini hawa?" akasema peke yake. Hakujibiwa. Mashine za pale zilikuwa bubu.

Ububu huo ulikuwa na sababu yake. Zamani Nyumba ya Usingizi iliendeshwa na mashine zinazosema, zenye akili ya kujiamulia, na huruma yao ilileta balaa. Ndugu wa mgonjwa akija akalia mbele yao, zinamwamsha mgonjwa wake. Na ugonjwa wenyewe, huu wa damu kukauka, unamla mtu pale tu anapokuwa macho. Akilala ndani ya sanduku la baridi anabaki vilevile; akiamka anapungua. Watu waliamshwa kwa mapenzi mpaka wakaisha. Ndipo mji ukaziondoa zote, zikarudishwa zile za kale zenye kioo cheusi, ambazo kilio hazikijui. Unaziandikia amri neno kwa neno, nazo zinatii. Usipoandika, zimekaa tu.

Kazi ya Mashavu ilikuwa kuandika kazi za miadi. Kwanza unaandika skripti, yaani faili lenye amri zilizopangwa kwa mfuatano: pasha damu joto, punguza baridi, ita muuguzi, fungua kifuniko, na muda ukiisha, laza. Halafu unaitajia mashine siku na saa ya kuiendesha hiyo skripti. Saa ikifika inaiendesha, uwe umekaa mbele yake au uko kwako unachambua dagaa. Inaiendesha kwa jina lako wewe uliyeiandika, na wa kuikatisha ni wewe au daktari mkuu, basi.

Feruzi alikuwa akiamshwa mara moja kwa juma, usiku wa Ijumaa, jua likizama. Na kwa kuwa alikuwa na wake wawili, juma hili zamu ya Mashavu, juma lijalo zamu ya Hidaya. Shehe alishasema kwamba usingizi haumwondolei mume wajibu wa kugawa sawa. Sawa ya saa ilikuwepo. Sawa ya kicheko hakuna shehe awezaye kuipima, na hapo ndipo Mashavu alipokuwa akiungua.

Mlango ukafunguliwa. Hidaya akatoka anajifuta macho kwa ncha ya mtandio, bado ana tabasamu. Alikuwa mwembamba, mpole wa sauti, na Mashavu alikuwa amemtafutia kosa miaka yote asilipate, jambo lililomfanya amchukie zaidi.

"Shikamoo, dada. Kumbe leo umechelewa kutoka."

"Marahaba. Nina kazi. Mlikuwa mnacheka nini?"

"Mambo ya Feruzi tu," Hidaya akasema. "Unamjua."

Ndiyo, alimjua. Alimjua kabla Hidaya hajaota meno ya utu uzima. Lakini Feruzi huyu wa kucheka mpaka ukuta unasikia, huyo hakumjua, na ilimuuma kama mtu aliyekuta nyumba yake ina chumba ambacho hajawahi kuonyeshwa.

*

Siku chache baadaye Daktari Kagoma, daktari mkuu wa pale, aliwaita wote wawili ofisini kwake. Alikuwa mtu wa Kasulu, mrefu, asiyejua kuzunguka maneno.

"Damu yake imechoka," akasema. "Anaweza kuamka mara mbili tu. Baada ya hapo namlaza moja kwa moja mpaka dawa ipatikane."

"Itapatikana lini?" Hidaya akauliza.

"Sijui. Inaweza kuwa tuko hai. Inaweza kuwa hatupo."

"Na akiamka mara ya tatu?"

"Bi Hidaya, nimesema mbili."

Ikawa moja ya huyu, moja ya huyu. Lakini hizi hazikuwa tena zamu za kawaida: nani atangulie na nani amalizie? Kagoma akatoa kokwa mbili za mchikichi mfukoni, moja ameipaka chokaa, akazifumbata. Hidaya, kwa kuwa ndiye mdogo, alimwambia dada yake achague kwanza. Mashavu akagusa mkono wa kushoto. Kokwa ikatoka nyeusi. Wa kwanza ni yeye, wa mwisho ni Hidaya.

Alisema "alhamdulillahi" kama inavyopasa, akatoka nje, akaenda kusimama nyuma ya jengo penye mitungi ya maji ambapo hapakuwa na mtu. Wa mwisho ni Hidaya. Feruzi atalala miaka, pengine miaka mia, na uso atakaolala nao ni wa Hidaya. Yeye, aliyeolewa naye akiwa hana hata kitanda, aliyemuuguza kabla ugonjwa haujapewa jina, atakuwa yule wa juma lililopita.

*

Zamu yake ikafika. Alijipamba, na mtu asimcheke kwa hilo. Alivaa kitenge alichopewa na Feruzi mwenyewe, akajifukiza udi, akachemsha uji laini wa ulezi ambao Feruzi alikuwa akiruhusiwa vijiko vichache. Alijiapiza kwamba leo hatazungumza habari ya paa, wala ya kijana wao asiyetaka kuoa. Leo atamchekesha.

Feruzi akafumbua macho, akamwona.

"Mashavu."

"Bee, mume wangu."

"Lile paa mlishaliezeka?"

Akamjibu kuhusu paa. Angefanyaje? Kutoka kwenye paa wakaingia kwa kijana wao, kutoka kwa kijana wakaingia kwa shamba la michikichi, na saa zikawa zinakwenda, naye alikuwa anajisikia akitoa taarifa kama karani. Alijaribu kukumbuka jambo la kuchekesha, akakosa hata moja. Alimlisha uji. Alimpangusa kidevu.

"Umechoka," Feruzi akamwambia.

"Sijachoka."

"Umechoka, nakujua. Nenda kapumzike." Akafumba macho kidogo, kisha akayafumbua. "Hidaya hajambo?"

Mashavu akaweka bakuli chini taratibu ili lisimvunjikie mkononi.

"Hajambo," akasema. "Juma lijalo utamwona."

Skripti ikafika mwisho wake, baridi ikapanda, kifuniko kikashuka. Hiyo ndiyo iliyokuwa zamu yake ya mwisho duniani, na mwisho wake lilikuwa jina la mwenzake.

*

Jumatatu yake asubuhi aliketi mbele ya kioo cheusi, mafundi wenzake wameenda kunywa chai. Kazi ya kwanza ilikuwa halali, ameagizwa na Kagoma:

kazi unda --jina amsha-feruzi --siku ALH --saa 18:45 --endesha amsha.skr

Hiyo ndiyo zamu ya Hidaya. Akaigonga, mashine ikakubali. Mikono ikabaki juu ya kibodi.

Mawazo yake yalikuwa yameshakamilika usiku kucha, yeye alikuwa anasubiri tu mikono ikubali. Si kwamba anataka kumdhuru. Astaghfirullahi, amdhuru Feruzi? Anataka dakika chache tu, jioni moja baada ya zamu ya Hidaya, afumbue macho, amwone yeye, alale. Hata maneno si lazima. Kagoma kasema mara mbili, lakini madaktari wana kawaida ya kuacha akiba, kila mtu anajua. Na dakika chache zitamla kiasi gani mtu aliyekuwa akiliwa masaa kila juma? Hivyo ndivyo alivyojihesabia, na kila alipofika mwisho wa hesabu alikuta jibu ni lile alilolitaka.

Akafungua faili jipya. Akanakili skripti ya amsha, kisha akaanza kuichambua. Amri ya kuita muuguzi akaifuta, maana muuguzi akija itakuwa fedheha. Ile ya kupasha damu joto polepole nayo akaifuta, kwa sababu inaonekana kwenye kioo cha daktari. Ya mwisho ya kulaza akaiondoa pia. Hakutaka mashine imkatishe. Atamlaza yeye mwenyewe kwa mkono wake, akishatosheka. Faili akaliita fagia, jina ambalo hakuna fundi angelifungua kutazama. Halafu, upesi, kabla wenzake hawajarudi:

kazi unda --jina fagia --siku JMS --saa 18:45 --endesha fagia.skr

"Kazi imeundwa," mashine ikaandika. Haikumuuliza kwa nini.

"Chai yako inapoa, Bi Mashavu," mwenzake akamwita kutoka ukumbini.

"Nakuja."

*

Zamu ya Hidaya ilipita. Mashavu hakukaa kusikiliza safari hii, alijifungia kwake akaosha vyombo vilivyokwisha kuoshwa. Kesho yake Ijumaa, jua linaelekea kuzama, aliingia Nyumba ya Usingizi kwa kisingizio cha kusahau miwani, akasimama kando ya sanduku la Feruzi, udi umemjaa nguoni.

Saa ikafika. Sanduku halikutikisika.

Akasubiri. Ikaadhiniwa magharibi, ikapita. Feruzi amelala palepale, kope hazitikisiki, na barafu nyembamba imeshika kwenye nyusi zake. Mashavu akatazama nyusi zile kwa muda mrefu, na kitu kikamlegea ndani. Alikuwa amekuja kumpunguzia mtu uhai wake kwa sababu ya nani aonekane mwisho. Mashine imekataa. Au sanduku limefungwa na Kagoma. Au Mungu amemsitiri. Kwa vyovyote, hakuna kilichotokea, na machozi yaliyomtoka yalikuwa ya mtu aliyeponea chupuchupu.

Angepaswa kwenda chumba cha mashine pale pale akaifute ile kazi. Lakini chumba kilikuwa na fundi wa jioni, na Mashavu hakutaka kuulizwa anafuta nini. Jumatatu nitaifuta, akajiambia. Kitu kilichokwisha kushindwa kitaenda wapi? Akarudi nyumbani, akala wali na samaki wa mgebuka kwa hamu ambayo hakuwa nayo tangu siku ya kokwa.

*

Jumamosi, magharibi, alikuwa anakunja mkeka wa swala simu ilipolia.

"Dada." Sauti ya Hidaya ilikuwa inatetemeka. "Dada, njoo. Feruzi kaamka."

"Kaamka vipi? Nani kamwamsha?"

"Sijui. Mimi jioni nyingine huwa nakuja nakaa naye hapa nje ya kioo, si kwa zamu, nakaa tu. Nimeona kifuniko kinafunguka. Anatetemeka, dada, midomo imemkauka. Muuguzi anajaribu kuizima mashine, inamwambia hana ruhusa. Daktari yuko njiani anatoka Kasulu."

Yote yakamjia Mashavu kwa mara moja. Siku. Alikosea siku. Kwa kazi za watu wengine kichwa chake kilikuwa kikigeuza bila kufikiri: familia inasema usiku wa Ijumaa, yeye anaandika Alhamisi, kwa sababu kwao siku inaanza jua likizama na kwa mashine inaanza usiku wa manane. Ndiyo iliyomfanya awe fundi anayetegemewa pale, maana mafundi wageni walikuwa wakiwaamsha wagonjwa jioni ambayo ndugu zao hawapo. Lakini ile ya kwake hakuiandika kama fundi. Aliiandika kama alivyokuwa akiisema moyoni juma zima: usiku wa Jumamosi, usiku wa Jumamosi. Na mashine ikasubiri Jumamosi yake yenyewe.

Jirani alimbeba kwa pikipiki mpaka mlangoni. Alipita mbio kwenye kioo cha chumba cha Feruzi, akaona kwa pembe ya jicho Hidaya amepiga magoti, amemfunika Feruzi kwa mtandio wake mwenyewe, kichwa kiko wazi. Hakusimama. Akaingia chumba cha mashine, akamwondoa muuguzi kitini.

Kuikatisha ile kazi ilikuwa rahisi. Kumlaza ndiko kulikokuwa kugumu. Skripti ya kulaza inategemea damu iliyopashwa joto, na yeye ndiye aliyeifuta amri ya kupasha. Akiendesha baridi yote kwa mara moja, mishipa itapasuka. Ilibidi aandike kwa mkono: nyuzi moja ya joto kwa damu, nusu ya baridi kwa mwili, atazame mstari wa moyo, aandike tena. Akiinuka kitini mfuatano unakatika.

Spika ya ukutani ilikuwa wazi, ile iliyokuwa ikimletea vicheko.

"Nani... nani huyo?" Sauti ya Feruzi ilikuwa imepasuka.

"Mimi, Hidaya. Nyamaza, usijichoshe."

"Mashavu yuko wapi?"

Vidole vya Mashavu vikasimama. Mstari wa moyo ukashuka, akaandika haraka, ukapanda kidogo.

"Mashavu," Feruzi akaita. "Mwite Mashavu. Nina neno naye."

Hidaya akagonga kioo kati ya vyumba viwili. Walitazamana. "Dada, anakuita," akasema kwa nguvu. "Njoo."

"Siwezi."

"Ni hatua mbili hapo. Anakuita wewe."

"Siwezi, Hidaya. Nikiacha hapa atakufa."

"Muuguzi ashike."

"Hajui. Hakuna anayejua." Na ilikuwa kweli, hakuna aliyejua, kwa sababu hakuna aliyeifahamu skripti ile isipokuwa mwenyewe aliyeikatakata.

Uso wa Hidaya ukabadilika. Kwa mara ya kwanza tangu aolewe na Feruzi, upole ukamtoka. "Hata sasa, dada? Hata sasa una kinyongo?"

Mashavu aliinamisha kichwa akaandika. Machozi yalikuwa yanaangukia kibodi, akayafuta kwa mkono wa kitenge, akaandika tena. Nyuzi moja. Nusu. Tazama moyo. Kwenye spika Feruzi aliita jina lake tena, likaanza likakosa mwisho, na mara iliyofuata midomo ikatoa pumzi tu. Yeye aliendelea kumzamisha. Mwisho sauti ikakatika, kifuniko kikashuka, na mstari wa moyo ukalala kwenye kimo chake cha usingizi, hafifu kuliko alivyowahi kuuona.

*

Kagoma alifika na vumbi la safari. Akampima Feruzi, akapima tena, akavua miwani.

"Yuko hai," akasema. "Lakini sitawadanganya. Dawa ikija, sijui kama mwili huu utakuwa na nguvu ya kuamka na kuipokea. Jana ningesema ndiyo. Leo sijui." Akawatazama wote wawili, akalegeza sauti. "Hizi mashine ni kongwe, na umeme wa leo umekuwa ukichezacheza. Nitaandika ni hitilafu. Bi Mashavu, umemwokoa mumeo. Fundi mwingine angempoteza."

Hapo ndipo angeweza kunyamaza. Hakuna aliyekuwa akimshuku. Muuguzi alikuwa anamtazama kwa heshima, Hidaya ameinamisha kichwa kwa aibu ya maneno aliyomtolea. Alipewa njia pana, yenye kivuli, na kwa mara nyingine hesabu zikaanza kujipanga zenyewe kichwani mwake.

"Mashine haikukosea," Mashavu akasema. "Imefanya nilichoiambia."

Kagoma akarudisha miwani machoni.

"Ni mimi niliyemwamsha. Nilitaka niwe wa mwisho. Nikakosea siku."

Muuguzi alitoka taratibu, akaufunga mlango. Kagoma akaketi.

Hidaya alikuwa bado kichwa wazi, mtandio wake umebaki ndani ya sanduku. Aliposema hakupandisha sauti.

"Juzi, kwenye zamu yangu, aliniuliza kama umekula. Zamu ya kabla ya hiyo pia. Nilikuwa namchekesha ili asiulize, dada. Kila zamu nilikuwa nakaa naandaa vichekesho kama mtu anayekwenda kwenye mtihani, ili nipate japo saa moja ambayo wewe humo." Akajipangusa uso kwa kiganja. "Leo nimemshika mkono mpaka mwisho. Ananitazama mimi usoni, anakuita wewe."

Mashavu akanyoosha mkono. Hidaya akautazama ule mkono, hakuushika.

"Umeupata mwisho uliokuwa unautaka," akasema. "Na umempunguzia uhai kwa ajili yake. Sasa kaa nao."

Akatoka. Mashavu alibaki amesimama upande huu wa kioo, akimtazama mume wake aliyelala amefunikwa mtandio wa mwenzake.